Mgeni Kwenye Kigoda cha Futi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Futi ndiye aliyefungua karakana ya baba yake. Alisukuma mbao za mlango, akafagia nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyolala chini ya meza ya kukatia, akatia cherehani mafuta, kisha akaokota pini zilizodondoka jana yake. Pini hakuzifanyia mchezo, maana baba alipenda kushona miguu mitupu, na akichomwa alipiga kelele hadi wateja wakadhani cherehani imemng'ata. Kazi zikiisha, Futi aliketi kwenye kigoda chake kando ya cherehani, akanywa chai huku akichora.

Jina lake la cheti lilitumiwa na mwalimu peke yake, tena wakati wa kuita mahudhurio. Kwa wengine wote alikuwa Futi. Alipokuwa mtoto mchanga hakulala mpaka ashikishwe ule utepe wa kupimia nguo, ambao baba aliuita futi, na jina likamganda.

Siku hizo alichora nyumba tu. Wazazi wake walikuwa wamenunua kiwanja upande wa pili wa soko, na baada ya miaka mingi ya kukaa katika vyumba vya kupanga nyuma ya karakana, wakati wa kujenga ulikuwa umefika. Nyumbani hapakuzungumzwa jingine. Mama, ambaye alikuwa mkunga, alitaka chumba chenye utulivu ili apate kulala mchana akitoka zamu. Bibi, mama yake baba, alikuwa amegomewa na miguu na alitembelea mkongojo wa chuma wa miguu minne. Yeye alitaka mlango usio na kizingiti. Baba alitaka nyumba iishe kabla hajazeeka. Na Futi alitaka nyumba iwe ile aliyoichora yeye.

Mchoro wake ulikuwa umebandikwa ukutani juu ya cherehani. Ulikuwa na ghorofa, kwa sababu Futi alitamani chumba cha juu, na mbele ulikuwa na kibaraza cha duara ambapo bibi angekaa akitazama wapita njia. Hakuna mteja aliyepimwa suruali bila kuuona.

"Nani kachora hii?" mteja aliuliza.

"Mwanangu," baba alijibu, akijifanya anatafuta chaki.

Siku moja alikuja fundi mwashi wa mtaa ule. Watu walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye chuma mwishoni ambayo waashi huininginiza kujua kama ukuta umesimama wima. Ya kwake haikumtoka mfukoni hata harusini. Alisimama mbele ya mchoro, akasafisha koo.

"Fundi mwenzangu," alimwambia baba, "unahangaikia ramani gani tena, na hii hapa? Mimi najenga hii hii. Kuchora sikutozi kitu. Wewe niachie yote: matofali, saruji, mchanga, mbao. Utakuja siku ya kukabidhiwa ufunguo."

"Umesikia, Futi?" baba alisema akicheka.

Futi alisikia sana. Kesho yake alimsimulia rafiki yake darasani, ambaye waliomfahamu walimwita Redio, maana lililoingia sikioni mwake lilitangazwa. Ilipofika saa ya mapumziko, shule nzima ilijua kwamba nyumba ya akina Futi imechorwa na Futi mwenyewe. Futi akatembea siku hiyo kama mtu aliyeazimwa shingo ya twiga.

Aliyeimwagia maji furaha hiyo alikuwa mama. Jioni, wakipakua chakula, alisema, "Baba Futi, mimi nataka tumwone msanifu majengo."

"Mchora ramani? Wa nini? Timazi anachora bure."

"Hilo bure ndilo linalonitisha. Huyo huyo achore, huyo huyo anunue saruji, huyo huyo ajenge, halafu huyo huyo atuambie kwamba kajenga vizuri? Kwetu hospitali anayeandika dawa si anayeuza dawa. Wana sababu yao."

"Timazi ni mtu wetu."

"Sijasema ni mwizi. Nasema nataka mtu ambaye hauzi tofali wala hana lori la mchanga. Mtu atakayekaa upande wetu. Kuna binti ana ofisi yake mwenyewe juu ya duka la vioo. Nilimzalisha dada yake. Hayuko chini ya fundi yeyote."

"Naye atataka kulipwa."

"Atalipwa, ndiyo. Hebu niambie, mtu akija hapa akasema, 'Nishonee suti lakini usinipime, nishonee kama ya jirani,' utamjibu nini?"

Bibi alicheka mpaka akapaliwa. Baba alikuna kidevu muda mrefu.

"Haya, aje," alisema mwishowe. "Atuone sisi, aone na kiwanja, atuletee mchoro wa kwanza. Ukituridhisha, kazi ni yake. Usipoturidhisha, Timazi anachimba msingi. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Hakuna aliyemuuliza Futi kama naye amekubali.

Msanifu alikuja Jumamosi. Futi alikuwa amemtazamia mzee wa miwani na kikohozi. Aliyeingia alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vilivyojaa vumbi, begi mgongoni na penseli imechomekwa kwenye nywele. Alimwamkia bibi kwanza, kisha baba na mama. Kwa kuwa viti vyote vilikuwa vimejaa nguo zinazongoja vifungo, akaketi kwenye kigoda cha Futi.

"Hapo ni pa..." Futi alianza.

"Mwache mgeni akae," baba alisema. "Wewe simama, miguu yako bado mipya."

Futi alisimama, akaegemea nguzo ya mlango na mikono kifuani. Kikombe kizuri, kile chenye ukingo wa dhahabu ambacho yeye hakuruhusiwa hata kukiosha, kiliwekwa mbele ya mgeni.

Msanifu hakuuliza habari za nyumba. Aliuliza habari zao. Nani huamka wa kwanza? Mama akitoka zamu, kelele gani humwamsha? Mchana bibi hupenda kukaa wapi? Baba, ambaye kwa kawaida hakuzungumza na mtu bila pini mdomoni, alizitema pini zote mkononi na kuanza kusimulia. Alisimulia hadi utoto wake.

"Bibi, naomba unionyeshe unavyotoka nje," msanifu alisema, akamsaidia kusimama.

Kumwinua bibi ilikuwa kazi ya Futi. Yeye peke yake alijua kwamba unaanza na bega la kushoto, na kwamba bibi akisema "subiri" hamaanishi usubiri. Binti yule alimshika kulia, tena kwa kubahatisha. Hata hivyo bibi alitabasamu.

"Una mikono laini, mjukuu wangu."

Futi aliitazama mikono yake mwenyewe. Ilimwinua bibi kila siku, na haijawahi kusifiwa.

Msanifu alitaka kupima upana wa mkongojo ili ajue milango iwe mipana kiasi gani, lakini tepu yake ya chuma ilikwama. Baba akavua futi yake shingoni.

"Shika hii, mwanangu."

Mwanangu! Futi alihisi kama pini imemwingia kisiginoni. Baba aliwaita hivyo vijana wote, hata muuza magazeti. Futi alilijua hilo, ila siku hiyo alikataa kulijua.

Hapo ndipo msanifu alipouona mchoro ukutani. Akasogea, akautazama kwa makini, kichwa upande.

"Huu ni wa nani?"

"Wa kwangu," Futi alijibu kwa sauti ya mtu anayedaiwa.

"Umeuchora vizuri, mdogo wangu. Hii ngazi ya kwenda juu inaanzia wapi?"

Futi alielekeza. Wote wakainama kutazama. Ngazi ilianzia katikati ya jiko, pale hasa palipochorwa moto.

Baba aliangua kicheko. "Hata mimi sikuona! Mtu anakwenda kulala anapitia kwenye sufuria!" Mama naye akacheka, bibi akacheka. Msanifu peke yake hakucheka. Alikuwa bado anautazama mchoro. Lakini Futi hakumwona asiyecheka, alisikia vicheko tu, na moyoni akavipeleka vyote kwa yule mgeni.

Njiani kwenda kiwanjani, baba na msanifu walitangulia wakizungumza kama watu waliofahamiana siku nyingi. Futi alijikokota nyuma. Kwenye kona ya soko akajitokeza Redio.

"Futi! Yule dada ni nani?"

"Mchora ramani."

"Wa nyumba yenu? Si ulisema umechora wewe?" Redio alifumba jicho moja. "Aaa, kumbe wewe ulichora banda la kuku."

Futi aliongeza mwendo, masikio yakiwaka moto.

Kiwanja kilikuwa kirefu. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa jirani na upande wa pili kichochoro. Kwa macho ardhi ilionekana tambarare kama meza. Familia ilikuwa imetoka kuilima, na jembe lilikuwa limefuta alama zote za msimu uliopita. Baba alisimamishwa na mteja aliyetaka kujua suruali yake itakuwa tayari lini, na hiyo si habari ya kuisha upesi. Msanifu akachuchumaa kando ya Futi.

"Baba yako ananiambia maharage ya hapa huwa unayapalilia wewe. Basi unakijua kiwanja hiki kuliko sisi wote. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi?"

Futi alipajua. Maji yalishuka kutoka barabarani, yakafuata ukuta wa jirani mpaka mwisho. Msimu uliopita yalikuwa yamemzamishia mstari mzima wa maharage upande ule. Nyumbani waliona tu kwamba mavuno yamepungua. Baba hakutoka karakanani, mama hakutoka hospitalini, bibi hakufika kiwanjani. Aliyeyaona maji yale kwa macho ni yeye.

Alimtazama msanifu, na ile penseli yake kwenye nywele. Akasikia tena: mwanangu.

"Kule," alisema, na mkono wake ukaelekea kichochoroni. "Yanapita kule."

"Na huku ukutani?"

"Huku ni pakavu. Hata mvua inyesheje."

"Ahsante, mdogo wangu. Umenisaidia sana."

Msanifu akaanza kupigilia vijiti vyake karibu na ukuta. Upande wa pili wa ukuta, juu ya jukwaa la mbao la nyumba iliyokuwa inajengwa kwa jirani, Timazi alikuwa ameketi akipumzika. Aliwatazama, akamwona msanifu akigongelea vijiti, akavuta kofia mbele ya macho na hakusema kitu.

Jioni ile Futi alikula vizuri. Raha aliyokuwa nayo ilikuwa tamu na chungu kwa pamoja, kama ya kujikuna kidonda. Ngoja alete mchoro wake, aliwaza. Ngoja wamwone.

Mchoro uliletwa wiki iliyofuata. Baba aliondoa vitambaa vyote kwenye meza ya kukatia ili utandazwe, na alikuwa amemwita Timazi naye aje kuuona. Msanifu alieleza kwa kidole. Nyumba haikuwa na ghorofa. Milango ilipitisha mkongojo bila kugusa, na badala ya kizingiti palikuwa na mteremko mdogo. Chumba cha mama kilikuwa nyuma kabisa, mbali na barabara.

"Na hapa," alisema, kidole kikasimama mbele ya nyumba, "ni kibaraza cha duara. Nimekitoa kwenye mchoro wa binti yenu. Niliutazama siku ile nikasema, mtoto huyu ameanza na mtu atakayekaa pale, na ndivyo inavyotakiwa. Nyumba yote nimeizungushia kibaraza chake."

"Futi, unasikia?" bibi alisema.

Futi alisikia. Uso ulimpata moto, na safari hii haukuwa moto wa hasira. Alitamani mtu aseme jambo jingine, lolote lile.

Alilisema Timazi. "Na nyumba yenyewe mnaiweka wapi?"

"Huku ukutani, ili tuyakwepe maji ya kichochoroni."

Timazi alijipiga paja. "Maji ya kichochoroni! Jamani, mmemsikia? Maji ya kiwanja kile yanafuata ukuta! Nilichimba msingi wa ukuta ule msimu uliopita, yakanifika magotini. Huyu anataka bibi alale mtoni!"

Msanifu aliinamia mchoro. Kisha aliinua macho, yakamgusa Futi mara moja na kuondoka. Futi alikuwa ameinama, kama anayetafuta pini.

"Kama ni hivyo, nimekosea," msanifu alisema polepole. "Ardhi ilikuwa imelimwa, nami niliuliza mtu mmoja tu. Ilinipasa kupiga hodi kwa majirani. Kosa ni langu, mzee."

Baba aliukunja mchoro mwenyewe. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

"Bora limejulikana mapema, binti. Mimi si mtu wa kujenga mara mbili. Nenda tu, tutakuita."

Kila aliyekuwa mle alijua maana ya "tutakuita". Msanifu aliweka mchoro begini, akamuaga bibi kwa mikono miwili, akatoka. Hakumtaja Futi kwa mtu.

Timazi alivuta kiti, akakalia suruali ya mteja bila kuiona. Furaha ilimlegeza ulimi.

"Mimi nilijua tangu siku ile! Nilikuwa kule juu kwa jirani, namwona anagongagonga vijiti vyake. Nikasema moyoni, mwache, mwache msomi ajikwae."

Mama, aliyekuwa anaondoa vikombe, alisimama. "Ulimwona?"

"Kwa macho haya haya."

"Na ukanyamaza."

"Mama Futi, si sikuulizwa?"

"Mama mkwe wangu angelala pale, fundi."

"Lakini si nimesema leo? Hawa wamezidi! Kila nyumba siku hizi mchora ramani, mchora ramani, kana kwamba sisi tulikuwa tunajenga vichuguu. Acha na yeye aone haya kidogo."

Futi alimtazama. Mdomo wa Timazi ulikuwa umevutika upande mmoja na macho yanameta. Raha ile Futi aliifahamu, alikuwa amerudi nayo kutoka kiwanjani na kulala nayo. Lakini hakuwa ameiona kwa nje, kwenye uso wa mtu. Ilikuwa mbaya kuitazama. Na mtu mzima aliyekuwa nayo hakuwa hata na haya, alikuwa anadai asifiwe.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akarudia kwa nguvu, sauti ikapasuka. "Ni mimi niliyemwambia! Yule dada aliniuliza maji yanapita wapi, nikamdanganya."

Baba aligeuka. "Sema tena."

"Nilimwambia kichochoroni. Na nilijua ni ukutani. Maharage yangu yalizama pale."

"Kwa nini, Futi?"

Kilichokuwa kimejaa kifuani kikamwagika chote. "Kwa sababu alikaa mahali pangu! Na bibi akamsifu mikono, na wewe ukamwita mwanangu, na mkacheka mchoro wangu wote! Nilitaka mchoro wake ukataliwe, mjenge wangu!" Akalia kwa kwikwi, kamasi na machozi pamoja.

"Watoto, bwana," Timazi alisema, akitafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani.

"Wewe, fundi, tutaongea baadaye," baba alimwambia. Hakupandisha sauti. Timazi aliondoka upesi kuliko alivyokuja.

Futi alingoja kuchapwa. Baba aliivua futi shingoni, akaitundika msumarini, akavaa viatu.

"Osha uso. Tunakwenda kwake."

"Si utamwambia wewe, baba?"

"Nilidanganya mimi?"

Ofisi ya msanifu ilikuwa chumba kidogo juu ya duka la vioo. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na dirishani zilipangwa nyumba ndogo ndogo za kadibodi. Wakati mwingine Futi angezishangaa. Siku hiyo alisimama katikati ya chumba, akasema yote, kuanzia kichochoro mpaka ukuta, na sababu yake. Baba alisimama nyuma yake.

Msanifu hakusema "si kitu". Uso wake ulikuwa mkali.

"Nilikuuliza wewe kwa sababu nilikuamini," alisema. "Kukosa kazi hii kungeniuma, maana ndiyo kwanza ninaanza. Lakini fikiria kama tusingegundua. Mvua ya kwanza, maji yanaingia chumba cha bibi yako. Angekimbilia wapi, na miguu ile?"

Futi hakuwa amefika huko kwa mawazo. Katika kisasi chake aliyekuwa analowa ni msanifu peke yake. Sasa alimwona bibi ameketi kitandani, mkongojo unaelea.

"Nisamehe, dada," alisema, na safari hii hakulia.

"Nimekusamehe. Ila hasira yangu haijaisha, itaisha taratibu." Akamgeukia baba. "Na mimi, mzee, lile kosa langu bado ni langu. Mtu mmoja hatoshi kuulizwa."

Baba aliketi kwenye ukingo wa kiti. "Binti, nami nina la kwangu. Nilikufukuza kwa maneno ya adabu."

"'Tutakuita,'" msanifu alisema, na tabasamu likamtoroka. "Hata sisi wasanifu tunaijua hiyo."

"Njiani nilikuwa nafikiri. Nilidhani swali ni nani anachora bure na nani anataka kulipwa. Kumbe sivyo. Leo wawili wamekosea mbele yangu. Mmoja aliambiwa amekosea, akasema ndiyo, kosa langu. Mwingine aliona kosa linapigiliwa ardhini akakaa kimya ili acheke. Mimi nataka mtu atakayeniambia kabla saruji haijakauka. Kazi ni yako, kama bado unaitaka."

Msanifu alichomoa penseli kichwani. "Ninaitaka. Lakini nitakipitia kiwanja upya, niulize majirani wa pande zote. Na fundi Timazi aulizwe, anaijua ardhi ile. Mkitaka, ajenge yeye. Mimi nitakuwa nakuja kukagua."

"Hata baada ya leo?"

"Kuta zake zimenyooka, mzee. Nimezitazama."

Timazi alipopelekewa habari alinuna siku kadhaa. Alisema hajawahi kukaguliwa na mtu mwenye penseli kichwani. Mwishowe alikuja, akaonyesha mwenyewe mahali maji yanapoingilia, na msanifu akaandika kila neno. Vijiti viling'olewa ukutani vikahamishiwa upande wa kichochoro. Kandokando ya ukuta pakachorwa mtaro mrefu wa kuyapeleka maji nje ya kiwanja.

Msingi ulikuwa bado haujachimbwa mvua ya kwanza iliponyesha. Ilipopungua, baba alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo wateja walilizungumzia wiki nzima, akaenda na Futi kiwanjani. Walisimama upande wa kichochoro, pale nyumba itakapokuwa, ardhi ngumu chini ya viatu vyao. Upande wa pili maji yalikuwa yanashuka.

"Baba, bado nina wivu kidogo," Futi alisema. "Ukizungumza naye."

"Najua. Mimi nikimwona yule mshonaji wa sokoni amejaza wateja, kuna kitu kinanichoma hapa." Baba alijigusa chini ya mbavu. "Wivu huwezi kuuzuia usichome. Unachoweza kukizuia ni ulimi wako na mkono wako, visiutumikie wivu huo. Siku nyingine ukikuchoma, njoo uniambie kama ulivyoniambia sasa. Nitacheka kidogo, halafu nitakusikiliza. Mimi pia nilikosea, nilikucheka mbele ya mgeni na sikukuuliza neno."

Kisha akamgeukia. "Lakini mtu akikuuliza jambo unalolijua, mwambie kweli, hata kama humpendi. Unafikiri unamnyima yeye ukweli. Kumbe ukweli huo kuna mtu mwingine atakayelala juu yake."

"Nimesikia, baba."

Maji yaliufuata ukuta, mekundu, bila kelele, yakapita pale ambapo kitanda cha bibi kingewekwa. Futi aliyatazama mpaka yakaisha.